Kitabu Chenye Jani

Katika duka la Elihuruma kulikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote ukutani: kitabu chenye jani hakiuzwi.

Jani lenyewe lilikuwa la isale, lile refu jembamba ambalo Wachaga na Wameru hulipanda mipakani mwa mashamba yao. Ukiona masale yamesimama mstari, unajua hapa pana mwenyewe, na mtu mwenye akili zake hapitishi jembe. Aliyelileta dukani alikuwa marehemu Reginald, mume wa Elihuruma. Alipofungua duka lile katika mtaa mmoja wa katikati ya mji wa Arusha, vitabu vilikuwa adimu kama sukari, na watu walisimama mbele ya rafu wakisoma kwa kuiba, jicho moja kwenye ukurasa, jingine kwa mwenye duka. Reginald hakuwafukuza. Akawachongea benchi. Mtu asiye na uwezo wa kununua alisoma pale pale, na akichoka alitia jani la isale mahali alipoishia, kitabu kikarudi rafuni. Tangu hapo kina mwenyewe. Na aliyetaka kununua lakini hajajaliwa, naye aliwekewa jani, akaenda kutafuta. Akimaliza kusoma, au akilipa, jani lilirudi mkononi mwa mwenye duka.

"Na mtu asiporudi je?" watu walimwuliza.

"Wewe ukisafiri, jirani analima shamba lako?" Reginald alijibu, akaendelea kufunga vitabu vya watu kwa karatasi ya kaki.

Kisukari kikamchukua Reginald. Duka likabaki kwa mkewe, na sheria ikabaki na duka.

Katika wenye majani wote, hakuna aliyemshinda Mzee Eliud wa Akheri. Kila Jumamosi alishuka na ndizi zake hadi soko la Kilombero, na akishaziuza alikuja dukani, akavua kofia, akafuta viganja kwenye koti kabla ya kugusa kitabu. Alisoma kwa kidole na midomo. Kitabu chake kilikuwa hadithi ya kijana aliyemwacha mama yake mlimani akaenda kutafuta maisha kwenye mashamba ya mkonge. Ni kitabu chembamba. Mwanafunzi angekimaliza siku moja. Mzee Eliud alikuwa nacho tangu mvua za mwaka uliopita.

"Mama Sia, huyu kijana hana akili!" alipaza sauti kutoka benchini. "Mama anamngojea getini, yeye kapata mshahara ananunua redio."

"Shikamoo kwanza, baba," Elihuruma alicheka.

"Marahaba. Redio, Mama Sia! Redio inaliwa?"

"Mwisho wake naujua. Nikuambie?"

"Thubutu! Ukiniambia hutaona ndizi yangu tena."

Elihuruma hakumwuliza kwa nini anasoma polepole hivyo. Alijua tu, kama watu wengi walivyojua, kwamba mwana wa mwisho wa mzee, Anaeli, alikwenda Mererani kuchimba Tanzanite, na kwamba tangu aende hajaleta hata salamu. Mzee mwenyewe hakulisema hilo. Alileta ndizi, alileta na majani mabichi ya isale kutoka mpakani kwake ili duka lisikaukiwe, akasoma kurasa zake mbili tatu, akatia jani, akaenda zake.

Basi nchi ikafunguliwa milango. Watu walisema sasa ni ruksa, na kweli ikawa ruksa. Nguo za mitumba zikajaa Kilombero kama mafuriko, na Sia, binti pekee wa Elihuruma, akawa na meza yake huko. Kila kona ikaota duka la kukodisha kanda za video. Watalii wakaongezeka mjini na maduka ya kubadilisha dola yakaongezeka kuwafuata. Lakini shule zikaanza kuchangisha wazazi, bei ya kahawa ikaanguka, shilingi nayo ikawa kama barafu kiganjani. Kitabu kilichokuwa kinanunuliwa na mwalimu wa kawaida kikawa cha mkuu wa shule. Halafu mkuu wa shule naye akawa anakuja, anakifungua, anakinusa, anakirudisha.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano mwenye jengo alikuja mwenyewe, akasimama katikati ya duka akitazama dari. Kodi ya mwaka mzima sasa italipwa kwa mkupuo, alisema, tena kabla Februari haijaisha. Yuko mtu wa kubadilisha dola anayelitaka jengo, yuko tayari hata leo.

"Mama Sia, mimi sina ugomvi na vitabu," alimalizia. "Ni wakati tu."

Elihuruma hakulala vizuri siku hizo. Tumaini lake lilikuwa Januari. Muuza vitabu ni kama mkulima, ana msimu mmoja: shule zikifunguliwa, wazazi hata kwa kukopa wananunua. Januari ikiwa njema, duka litapona. Isipokuwa njema, basi.

Ndipo Melkizedeki alipoingia. Elihuruma alimtambua kwa upara wa utosini, kwa maana alikuwa nao tangu kijana, alipokuwa akikaa kwenye benchi lile lile akisoma mpaka Reginald anafunga madirisha. Sasa alikuwa mwalimu mkuu. Watu wenye fedha walikuwa wanajenga shule ya binafsi Kisongo, shule ya Kiingereza tupu, na yeye ndiye waliyemkabidhi.

"Shikamoo, mama. Bado benchi lipo!"

"Marahaba, mwanangu. Benchi litakwenda wapi? Nyinyi ndio mnaokwenda."

Alizunguka rafu zote akigusa migongo ya vitabu. Akachagua kamusi, atlasi, vitabu vya hesabu na sayansi, hadithi za watoto. Alichagua mpaka rafu ya dirishani nzima ikawa yake. Shule itafunguliwa Januari, alisema, na bodi imeshakubali. Kinachongojewa ni hundi tu.

"Niwekee majani, mama."

"Yote haya?"

"Yote. Nilikulia hapa. Nikanunue wapi kwingine?"

Elihuruma alikaa jioni ile akichana masale ya Mzee Eliud na kuyatia katika kitabu kimoja kimoja. Sia alipompitia warudi pamoja nyumbani Lemara, alimkuta anaimba wimbo wa kwaya.

"Mama, amekupa hata kishika uchumba?"

"Amenipa neno lake."

"Neno!" Sia aliweka chini furushi lake la nguo. "Kule sokoni mtu akinipa neno namwambia sawa, kalifue kwanza."

"Huyu si mtu wa sokoni. Huyu ni mtoto wa benchi."

Januari ikaingia na wazazi wakaja, wachache kuliko mwaka wa nyuma, wakiomba kamusi. Kamusi zilikuwepo, zimejipanga dirishani zikionekana hadi barabarani, kila moja na ulimi wa kijani ukining'inia. "Zina wenyewe," Elihuruma aliwaambia. Wengine walidhani anawatania.

Siku moja akaja Lekishon, mfanyabiashara wa Monduli aliyezungusha madaftari na vitabu kwenye minada. Alikuwa na gari nje na kijaluba cha fedha kiunoni. Akaitazama ile rafu kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyenona.

"Yeyo," alimwita Elihuruma, yaani mama kwa Kimasai, "nachukua hii yote."

"Ina mwenyewe, baba."

"Yuko wapi?"

"Atakuja."

Lekishon alitoka nje, akatazama barabara upande huu na upande huu, akarudi. "Simwoni."

Hata Elihuruma alicheka. Lekishon hakucheka. "Yeyo, mimi nina fedha hapa. Yeye ana jani. Sisi Wamasai tunaheshimu jani, hata sisi ukishika majani vita inasimama. Lakini mimi nitarudi Monduli na gari tupu, na wewe utabaki na jani. Nani amefaidi?"

"Chukua hizi nyingine," alimwonyesha rafu za ndani.

"Hizi za hadithi? Nani anakula hadithi mwaka huu?" Akasimama kidogo mlangoni, kama anayempa nafasi. Kisha gari lake likaondoka.

Sia alipopata habari alikuja mbio kutoka sokoni, kilemba mkononi. "Mama! Kodi nzima ilikuwa imesimama mlangoni, umeifukuza!"

"Sikuifukuza. Nimemwambia ukweli."

"Yatoe hayo majani. Mama, nakuomba. Mkimbilie, hajafika mbali."

"Baba yako..."

"Baba amekufa, mama!" Kisha Sia akaona alichosema, akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kile kilemba. Elihuruma akakaa karibu naye. Majani yalibaki mahali pake.

Melkizedeki alirudi Februari, katikati ya wiki, asubuhi ambayo hakukuwa na mtu dukani. Elihuruma aliona suti kwanza, akainuka na furaha yake yote. Halafu akaona mikono yake. Alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili, jani bichi lililofungwa fundo, kama mtu anavyolishika anapokwenda kumwomba radhi aliyemkosea.

Kila Mchaga anajua. Ukiletewa isale husemi hapana. Aliyekuulia mbuzi, aliyekutukana mbele ya wakwe, hata aliyemwaga damu, akija na isale utampokea. Ukikataa, ubaya wake unakuhamia wewe.

"Sema, mwanangu," Elihuruma alisema, akaketi tena.

Alisema. Marafiki wa shule huko ng'ambo walileta kontena. Kontena zima la vitabu vya msaada, vya bure, vya rangi, vimejaa hadi darini. Bodi wakauliza, mtu ananunuaje maji wakati amekaa mtoni? Tena Kiswahili hakitakuwa na kipindi zaidi ya kimoja. Kontena lilifika kabla ya Krismasi.

"Kabla ya Krismasi," Elihuruma alirudia.

"Niliona haya kuja, mama. Kila wiki nasema wiki ijayo."

"Ungetuma hata mtoto. Nimewafukuza wateja Januari nzima kwa ajili ya neno lako."

Melkizedeki alinyoosha mikono yenye jani. Elihuruma alilitazama. Alitamani, mara moja tu katika maisha yake, asingekuwa Mchaga. Kisha akalipokea.

"Yamekwisha," alisema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Melkizedeki alishusha pumzi. Akatoa leso, akafuta utosi. Akageuka nusu, akatazama ukutani, na kwa sauti ya chini ya mtu anayejua anachofanya lakini ametumwa, akasema: "Mama, vile vitabu vya msaada vimelala sakafuni. Bodi wameniagiza niulize... hizi rafu, kama duka... kama itatokea..."

Rafu hizo Reginald alizichonga mwenyewe kwa mbao za mkangazi. Elihuruma alizitazama zote, kutoka dirishani hadi ndani.

"Zichukue mwisho wa mwezi," alisema. "Zilipie bei ya haki. Sasa nenda."

Alipoondoka, Elihuruma alifungua droo, akalitia jani lenye fundo. Sia alimkuta bado ameketi pale pale. Akamsimulia kwa maneno machache. Sia alimshika mama yake bega.

"Kule sokoni wapo akina mama wanaonunua karatasi kwa kilo," alisema baadaye, taratibu. "Za kufungia. Vile vitabu vilivyokaa sana, ambavyo hakuna atakayevinunua... Vyenye majani ya watu tutavipeleka nyumbani, mama. Vitakaa chini ya vitanda."

"Toa vyote," Elihuruma alisema.

"Mama?"

"Vyote. Hata vyenye majani. Majani! Nilifuata majani nikafika wapi? Nani mwingine katika mji huu anayajua? Toa."

Sia alisubiri kidogo aone kama mama atageuza neno. Hakuligeuza. Kamusi na atlasi zikaenda kwa muuza vifaa vya ofisi kwa bei ya kutupa. Vingine vyote vikapandishwa kwenye mkokoteni, na kila kilichokuwa na jani, akina mama wale walikikung'uta kwanza, maana jani huongeza uzito na wao hawanunui majani. Sakafu ikabaki imefunikwa kama chini ya mgomba baada ya upepo. Elihuruma alisimama mlangoni akiutazama mkokoteni unavyopinda kona. Hasira yake ilikuwa bado moto, ikamsimamisha wima.

Jumamosi hasira ilikuwa imekwisha, na Mzee Eliud akaja.

Mafundi walikuwa wanang'oa rafu. Mzee alisimama mlangoni na mkungu mdogo wa ndizi begani na majani mabichi kwapani, akavua kofia kama kawaida. Akafuta viganja kwenye koti. Akatafuta mahali pa kitabu chake, rafu ya tatu upande wa benchi, akaona ukuta.

"Shikamoo, baba," Elihuruma alisema.

"Marahaba, Mama Sia. Mnahama?"

"Tunafunga, baba."

"Ah. Pole, pole sana." Alisubiri kwa adabu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. "Basi kile changu nitakisomea wapi? Nimebakiza kidogo. Kijana amefika stesheni, ana tikiti mkononi."

Elihuruma angeweza kusema vimeibwa, au kwamba Sia amekosea. Alifungua mdomo, akatazama vile viganja vilivyofutwa.

"Nimekiuza, baba. Kwa kilo. Kilikuwa na jani lako, nikakiuza."

Mzee aliinama, akaokota jani moja kavu kati ya mengi yaliyofagiliwa kando, akaligeuza, kama anayetaka kujua kama ni lake. Akalirudisha chini. Akaegemeza mkungu wa ndizi ukutani, akaweka majani mabichi juu ya benchi, kwa sababu alikuwa ameyaleta na hayakuwa na kazi nyingine.

"Haya, Mama Sia," alisema. Akavaa kofia akatoka.

Elihuruma alikaa na neno lile Jumapili nzima. Kanisani hakusikia mahubiri. Angetukanwa angepumzika. Jumatatu alipita kwanza sokoni kwa akina mama wa karatasi, kisha akaenda dukani mara ya mwisho, akafungua droo, akalitoa lile jani la Melkizedeki. Lilikuwa limeanza kunyauka kingo, lakini fundo lilikuwa bado limekaza. Alivaa kitenge chake cha kanisani akapanda Akheri.

Njia ilipanda kati ya migomba, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Nyumba ya Mzee Eliud alielekezwa na watoto. Alimkuta shambani anakata mibuni kwa panga. Mingi ilikuwa imeshalala chini, matunda yake mabichi bado yamo.

"Utaotesha nini, baba?" alimwuliza, kwa kuwa alishindwa kuanza na lile lililomleta.

"Nyanya. Wanasema nyanya zina soko." Mzee alinyooka akishika kiuno, ndipo akaona mikono ya Elihuruma. Mikono miwili, na jani.

Jogoo aliwika mahali fulani chini ya migomba. Mzee Eliud alichomeka panga kwenye kisiki, akafuta viganja vyake kwenye koti, akalipokea isale.

"Yamekwisha, Mama Sia," alisema. "Hata usingelileta yangekwisha."

"Nimetafuta sokoni, baba. Nimekuta majalada tu."

"Kaa basi." Wakakaa juu ya mbuni ulioangushwa. Mzee alilizungusha jani vidoleni muda mrefu. "Mwisho wake unaujua, ulisema."

"Naujua."

"Niambie."

Elihuruma alitazama mbele. Njia ya kuingilia nyumbani ilikuwa na geti la fito, na geti lilikuwa wazi, limefungiwa kwenye mti kwa kamba ili lisijifunge na upepo. Kamba ilikuwa ya zamani, labda ya tangu Anaeli aondoke. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi: treni inafika, kijana anashuka na redio begani, mama anatoka getini mbio. Maneno yalishamjia mdomoni. Lakini alikuwa amekuja na isale, na mtu aliyekuja na isale hadanganyi siku ile.

"Hapandi treni, baba," alisema. "Tikiti anaiuza. Redio anampa mtu ampelekee mama, na mama anaisikiliza kila jioni akidhani siku moja atasikia sauti yake. Hadithi inaishia hapo."

Mzee Eliud aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa sikimalizi."

Akalitia lile jani mfukoni mwa koti, akainuka, akalichomoa panga kwenye kisiki, akarudi kwenye mibuni iliyobaki.